Ubao wa Mama Mkunga

Alizaliwa wapi na kwa nani, sijui. Miaka yote niliyokaa jirani naye sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia mambo ambayo hajaulizwa. Nilimkuta keshastaafu: mwanamke mrefu wa mabega mapana, mwenye sweta la kijani la hospitali ambalo hakulirudisha wala hakulitupa, na miwani iliyoning'inia shingoni kwa kamba ya kiatu. Kuanzia padri hadi vijana wa bodaboda, wote walimwita Mama Mkunga. Jina lake la ubatizo nililisikia mara moja tu, kwenye mazishi ya mumewe, na nikashangaa kwamba analo.

Mimi nililetwa huku na serikali. Ni mtu wa Kondoa, Mwislamu, afisa ugani, na nilipopangiwa kata ya milimani upande wa Litembo nilidhani nitakaa kidogo tu kisha niombe uhamisho. Nilipata chumba katika nyumba iliyotenganishwa na yake kwa ua wa majani marefu ya mabingobingo. Asubuhi ya kwanza nilipokuwa napiga mswaki nje, sauti ikapita juu ya ua.

"Bwana Shamba, unajua kusoma?"

Nilimwamkia kwanza, shikamoo, kisha nikamjibu kwamba najua, tena kwa majivuno ya mtu mwenye stashahada.

"Marahaba. Basi wewe huna haja na mimi. Jumanne uje unibebee ubao."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika elimu ya watu wazima, tangu mwanzo hadi mwisho: kubeba ubao. Ulikuwa mlango wa ghala la zamani, umepakwa rangi nyeusi, mzito kama mlango wa ghala unavyopaswa kuwa. Jumanne na Alhamisi alasiri niliutoa sebuleni kwake nikaupeleka hadi kwenye banda la kumenyea kahawa, ambalo nje ya msimu halina shughuli, na darasa likiisha niliurudisha. Msimu wa kahawa ulipofika darasa lilihamia barazani kwake, nami nikapumzika. Kabla sijaugusa kuurudisha, lazima aupanguse kwa kitambaa kibichi, mara mbili, mpaka pembe zote nne ziwe nyeusi. "Ubao ulale msafi," alisema, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa akisema hivyo hivyo kuhusu vitanda vya wodini. Kumuona akiacha hata herufi moja ubaoni usiku kucha, hapana, sikuwahi.

Kwa nini alianza? Watu walisema ni upweke wa kustaafu. Wengine walisema ni kupenda kuamrisha, na hao hawakuwa mbali sana na ukweli. Nilipomuuliza mwenyewe alikuwa anachambua maharage, na hakuinua macho.

"Nilichoka kuitikiwa ndiyo," alisema.

Akaeleza kwamba kwa miaka yote ya wodi ya wazazi aliwapa akina mama karatasi zao, akawaonyesha tarehe ya kurudi, akawauliza kama wameelewa. Wote waliitikia ndiyo. Waliikunja karatasi vizuri, wakaitia kwenye kanga, wakaondoka nayo kwa heshima kubwa, na tarehe ikifika hawaonekani. Muda mrefu alidhani ni ukaidi, na aliwagombeza sana. Baadaye alimuona mmoja ameishika karatasi juu chini, anaitazama kwa makini, anatikisa kichwa kukubali. Aliyasema hayo bila huzuni yoyote, kama mtu anayeeleza kwa nini paa linavuja.

Kisomo cha ngumbaro cha serikali kilikuwa kimekufa siku nyingi. Yeye alikifufua bila kibali, bila mshahara na bila kumwambia mtu. Ofisa mmoja wa elimu alifika siku moja kuulizia daftari la mahudhurio. Alipewa chai na kiazi kitamu, akaulizwa afya ya mke wake, akaondoka ameridhika.

Wanafunzi wake karibu wote walikuwa wanawake aliowazalisha, au ambao mama zao aliwazalisha. Hilo lilimpa nguvu ambayo walimu wengine hawana. Mtu aliyekuona ukipiga kelele kitandani na kumtukana mumeo, utamwonea aibu gani kwa kushindwa herufi? Na yeye alifundisha vile vile alivyozalisha. Mwanafunzi akikwama katikati ya neno refu, alisimama nyuma yake, mkono kiunoni kwake. "Pumua. Usisukume bado. Pumua. Haya, sasa sukuma." Neno lilitoka, na banda zima lilicheka kwa vicheko vya watu wanaojuana. Mimi nilikuwa nikijifanya kutazama mibuni nje.

Hakusifu. Kwake neno zuri kuliko yote lilikuwa "asante", na hata hilo lilikuwa na maana mbaya, kama nitakavyoeleza. Zawadi hakuzikataa, ila alizilalamikia. Ukimletea kuni alisema mbichi. Ukimletea ndizi alisema umeziwahisha. Wanafunzi walizoea, wakaendelea kuleta kuni na kuendelea kugombezwa, na nadhani pande zote mbili zilifurahia.

Kosa lake kubwa la ualimu nalikumbuka kwa sababu liligusa kazi yangu. Huku milimani watu hulima kwa ngolo. Wanaume hufyeka majani na kuyapanga ardhini kwa mistari inayokatana, wanawake huyafukia kwa udongo, na shamba zima hubaki limegawanyika kuwa matuta yenye mashimo katikati, mengi, yamepangana mlimani kote. Mama Mkunga aliona hilo ni jambo zuri la kufundishia. Akachora ubaoni mistari inayokatana, akawaambia, "Hii ni ngolo. Kila herufi ikae kwenye ngolo yake." Akawagawia madaftari ya hesabu yenye vyumba vidogo, akaenda kuchemsha chai.

Aliporudi, wote bila ubaguzi walikuwa wameandika juu ya mistari. Vyumba vilikuwa vitupu.

"Nimesema ndani!" alifoka.

Wakatazamana. Hatimaye mmoja akasema kwa upole, "Mama, shimoni hatupandi. Shimoni ni pa maji. Tunapanda kwenye tuta."

Mama Mkunga alikuwa amekulia bweni la misheni na kuzeekea wodini. Jembe la ngolo hakulishika sawasawa maisha yake yote. Alinigeukia mimi, kana kwamba kosa ni la Wizara ya Kilimo. Nikathibitisha kwamba ndivyo ilivyo. Alikunywa chai yake, akasema, "Haya. Pandeni kwenye tuta." Mpaka leo kuna wanawake katika kata ile wanaoandika juu ya mistari, na miandiko yao imenyooka kuliko wangu.

Wanaume walikuwa wachache, na walihitaji sababu. Fundi mmoja seremala alikuja na nyundo. Alikuja kila Jumanne na Alhamisi kukarabati banda ambalo halikuwa na tatizo, akagonga msumari mmoja pale nyuma, kisha akatulia kusikiliza. Kitu cha ajabu ni kwamba Mama Mkunga, ambaye alimwambia kila mtu ukweli usoni, huyo hakumwambia lolote. Aliandika tu herufi kubwa zaidi. Siku fundi alipomaliza kukarabati, alikuwa anaweza kusoma maandishi ya kopo la rangi, na banda lilikuwa na misumari mingi isiyo na kazi.

Kwa wengine hakuwa na huruma hiyo. Kisingizio cha nchi nzima, si cha huku tu, ni miwani. Mpe mtu karatasi asiyoweza kuisoma, atajipapasa mfukoni na kusema amesahau miwani nyumbani. Mama Mkunga alikuwa na kikapu cha miwani kuukuu zilizoachwa misheni na wageni wa Ulaya. Ukisema umesahau yako, anakusogezea kikapu. "Chagua." Nilimuona mzee mmoja mwenye heshima zake akijaribu saba mfululizo, jasho linamtoka, mpaka akakubali kwamba tatizo si macho.

Na mtu huyo huyo, nyumbani kwake, aliishi na mume asiyejua kusoma. Alikuwa mzee mpole mwenye kofia ya sufu, na alikataa katakata kufundishwa. "Mimi nina msomaji wangu," alisema, akimwonyesha mkewe kwa kidevu. Kila jioni kabla ya giza, Mama Mkunga alimsomea gazeti barazani, hata gazeti la mwezi uliopita lililofungiwa sukari. Nilisikia kila kitu kupitia mabingobingo. Ilinichukua muda kugundua kwamba habari nyingine hazikuwamo gazetini. Alikuwa anazitunga. Siku moja mzee alifika kilabuni akatangaza kwamba serikali itawapa vitambulisho mbuzi wote wa mkoa wa Ruvuma, na watu walibishana mpaka wakaja kuniuliza mimi kama mtu wa mifugo. Nikaenda kumwambia Mama Mkunga kwamba analeta fujo.

"Ningemfundisha," alisema, "ningekuwa na nini cha kumsomea?"

Mzee alipofariki, aliendelea kusoma kwa sauti barazani, jioni zile zile, kiti cha pili kikiwa kitupu. Sikumuuliza. Niseme tu kwamba nilizima redio wakati huo ukifika, nikasikiliza, na nilimpenda kwa hilo kuliko kwa mambo yote mengine aliyoyafanya.

Sasa niueleze mtihani wake, maana ndio kiini cha habari hii.

Mama Mkunga aligundua mapema kwamba dini ilikuwa inamharibia darasa. Watu wa huku ni Wakatoliki kwelikweli. Sala, nyimbo, na masomo ya misa wameyasikia tangu tumboni, na ukiwapa kitabu cha sala watakusomea ukurasa mzima kwa ufasaha, vidole vikitembea mstari kwa mstari, na hawajasoma hata herufi. Kwa hiyo alipiga marufuku vitabu vya dini bandani. Walisoma mifuko ya mbolea, makopo ya dawa ya mibuni, mabango ya mkutano wa kijiji. Lakini mwisho, mtu alipojiona yuko tayari, aliitwa mbele, na ubaoni iliandikwa Baba Yetu. Yote, kama ilivyo, isipokuwa neno moja.

Pale wanapoomba mkate wa kila siku, Mama Mkunga aliandika kitu kingine. Mara ugali. Mara maharage. Mara kisamvu. Alibadilisha kila mara, kwa kuwa waliambiana. Mtu akifika pale akasema "mkate", basi hakuwa anasoma. Alikuwa anaimba. Hilo lilikuwa neno lake: "Unaimba." Halafu, bila kukaripia, alisema, "Asante. Kaa. Tutasoma tena." Ndiyo maana wanafunzi waliiogopa asante yake kama sindano. Lakini mtu akifika pale akasita, akarudi nyuma, kisha akaangua kicheko, huyo alikuwa amefaulu. Hakuna cheti. Kicheko kilitosha, na banda lote lilicheka naye.

Siku za mwanzo aliniita mimi nisome ili wengine waone. Nilisoma yote kwa sauti nzuri: utupe leo ugali wetu wa kila siku, nikaendelea mpaka amina. Sikucheka kwa sababu sikuona cha kuchekesha. Nilidhani ndivyo wanavyosali huku, na nikawaambia ni busara, maana mkate wenyewe unapatikana Mbinga mjini. Walicheka mpaka fundi akaangusha nyundo. "Huyu peke yake ndiye aliyesoma bila kusali," alisema Mama Mkunga, na kwa muda mrefu waliniita Ugali.

Aliyeteseka na mtihani huo kuliko wote ni Mama Osmundi. Alikuwa mjane wa makamo, mwimbaji wa kwaya, mwenye kumbukumbu ambayo sijaiona kwa mtu mwingine. Nyimbo zote aliziimba bila kitabu. Hotuba ya diwani aliirudia neno kwa neno, pamoja na kikohozi. Na ndiyo iliyokuwa balaa yake. Wenye vichwa vizito walilazimika kutazama herufi. Yeye alisikia mara moja na hakuhitaji kutazama tena.

Hapa inabidi kujua desturi moja. Waumini wamegawanywa katika jumuiya ndogo ndogo, na kila Jumamosi asubuhi jumuiya husali nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Kwa jumuiya ile, mwenye nyumba ndiye aliyesoma Injili ya Jumapili inayokuja. Mama Osmundi alikuwa na sifa ya kuisoma vizuri kuliko wote. Ukweli ni kwamba siku moja kabla, jirani yake alimsomea mara moja, na yeye kesho yake aliifungua Biblia popote na kuitiririsha. Mambo yalikwenda hivyo miaka, mpaka ilipokuja Jumapili ya sikukuu, somo limebadilishwa, na jirani hakuangalia kalenda. Mama Osmundi akasimama sebuleni kwake, Biblia mkononi, akaisoma kwa sauti ya kengele Injili ambayo haikuwa ya Jumapili hiyo. Wenye Biblia zao waliangalia kurasa zao, wakamwangalia yeye, wakaangalia chini. Alipomaliza waliitikia kama kawaida, "Sifa kwako, ee Kristo," wakanywa uji, wakaondoka. Hakuna aliyesema neno. Kutoaibishana, wanakujua.

Mama Mkunga alikuwa mwana jumuiya. Alirudi jioni peke yake. Aliyosema nimeyasikia kwa Mama Osmundi mwenyewe: "Kuanzia leo unakuja bandani. Na mpaka utakaponisomea lile neno ubaoni, Injili hutaisoma mbele ya watu. Zamu yako ikifika, atasoma mwingine."

Mimi niliona ni ukatili, na nilimwambia. Mwanamke ana kitu kimoja cha kujivunia kijijini, unakichukua mbele ya kila mtu?

"Sijachukua kitu," alisema. "Hana bado. Nataka awe nacho."

Mama Osmundi alikubali. Zamu yake ikifika alifagia, akatandika, akapika uji, kisha akakaa kwenye kigoda nyumbani kwake mwenyewe huku mgeni akisoma. Na kila alipoitwa ubaoni, ulimi ulimshinda. Alizijua herufi zote, moja moja alizisoma vizuri, lakini sala ilipoanza ilimchukua kama mteremko, akafika pale na kusema mkate. Aliposikia "asante" uso wake ulibadilika. Nilikuwepo mara nyingi, nimesimama kando nikingoja kubeba ubao, nikimwombea kimoyomoyo kwa dini yangu. Watu walioanza nyuma yake walicheka na kuondoka. Yeye alibaki.

Siku alipofaulu ilikuwa mvua, na banda lilikuwa na watu wachache. Alianza polepole isivyo kawaida, kidole hewani. Alifika pale. Midomo ikawa inacheza bila sauti. Halafu akageuka, na hakucheka. Alikuwa na hasira.

"Nani kaandika viazi?"

Tulilipuka. Yeye alibaki amesimama, akarudia, "Viazi! Tumwombe Mungu viazi?" kisha akaketi pale pale chini kwenye vumbi la kahawa akalia. Mama Mkunga alitoka nje kwenye mvua, akasema anaangalia kama mbuzi wamefungwa. Mbuzi hakuwa nao.

Zamu yake ilipofika nilialikwa. Mama Osmundi aliisoma Injili yeye mwenyewe, neno kwa neno, akisimama, akirudi nyuma, akitokwa na jasho. Ilichukua muda mrefu mno na uji ulipoa. Nikiwa mlangoni natafuta viatu vyangu nilisikia bibi mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Maskini, zamani alikuwa anasoma vizuri." Mama Mkunga alikuwa karibu, naye alisikia. Ni mara yangu ya kwanza na ya mwisho kumuona amecheka mpaka akashika ukuta.

Baada ya hapo uhamisho wangu, ambao nilikuwa nimeacha kuuomba, ulikuja wenyewe. Nilipelekwa chini ziwani, Mbamba Bay, ambako joto ni jingine na maisha ni samaki. Nilikaa huko muda bila kupanda mlimani. Nilipata salamu tu kupitia wenye mabasi: Mama Mkunga mzima, darasa lipo, Mama Osmundi anamsaidia. Moja ya salamu hizo ilisema jioni barazani kwake siku hizi kuko kimya. Nilidhani huzuni ya mumewe imemwisha.

Nilipoitwa kwenye kikao Mbinga mjini, nilinunua usipa mkavu, wale dagaa wa ziwani, kifuko kizuri, na baada ya kikao nikakodi bodaboda hadi kijijini. Nilimkuta barazani na sweta lake.

"Shikamoo, Mama."

Aligeuza kichwa upande wangu, si usoni pangu. "Marahaba. Bwana Shamba! Unanuka ziwa."

Nilimpa usipa. Akaunusa, akasema haukukaushwa vizuri. Tukazungumza. Simu yake ikalia kwa ujumbe, akanipa. "Nisomee hiyo. Nimesahau miwani ndani."

Miwani ilikuwa shingoni kwake, kwenye kamba ile ile. Ujumbe wenyewe ulikuwa tangazo la vifurushi. Nilimsomea lote, mpaka namba za kubonyeza, nyota ngapi reli ngapi, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilipomtazama vizuri niliona mboni zake zimefunikwa na ukungu, zote mbili. Mtoto wa jicho, ugonjwa ambao mtu yeyote angeujua, na yeye zaidi ya wote. Katika hospitali ya misheni aliyoitumikia, kuna nyakati madaktari wa macho hufika na kupasua.

"Mama, macho?"

"Macho yana nini?" alisema. "Jua la huku limekuwa kali. Ni alasiri, beba ubao."

Nikaubeba. Mama Osmundi alikuwa ametangulia bandani, kifuko cha usipa wangu tayari mkononi mwake, maana alikuwa amepitia jikoni kwa Mama Mkunga. Alinisalimu, akaniangalia, na aliona kwamba nimeona.

"Hataki kwenda," aliniambia chini chini huku akiandika. "Anasema akienda akalazwa, darasa litakufa. Mimi nasema anaogopa kisu. Amewashika watu mikono wakipasuliwa, sasa anaogopa yeye. Wiki zinapita, siku moja litakuwa giza kabisa."

"Mmemwambia?"

"Tumemwambia. Anatuitikia ndiyo."

Darasa lilijaa, wengi wapya nisiowajua. Mama Mkunga alikaa mbele kwenye kiti, mikono juu ya fimbo. Ubaoni ilikuwa Baba Yetu, kwa mwandiko wa Mama Osmundi, herufi zimesimama juu ya mistari.

"Leo tuna wageni," alisema Mama Osmundi kwa sauti. "Naomba mwalimu aanze yeye, wasikie inavyosomwa."

Mama Mkunga alisita kidogo tu. Akainuka, akavaa miwani, akasimama umbali sahihi. Fimbo yake iligusa mwanzo wa mstari wa kwanza na ikatembea, bila kukosea mahali, kama ilivyotembea miaka yote. Sauti ilikuwa ile ile ya jioni za barazani. Jina lako litukuzwe. Ufalme wako ufike. Fimbo ikashuka mstari, ikatulia juu ya neno *usipa*.

"Utupe leo mkate wetu wa kila siku," alisoma Mama Mkunga, na akaendelea mpaka amina.

Mwanamke mmoja wa nyuma alianza kucheka akajizuia. Mama Mkunga alisimama pale, fimbo hewani, uso unatafuta kelele yoyote ya kumwambia amefanya nini. Nadhani alijua kabla ya kuambiwa.

Mama Osmundi alikwenda akasimama nyuma yake, mkono kiunoni kwake.

"Unaimba, Mama," alisema taratibu. "Asante. Kaa. Tutasoma tena."

Alikaa. Alivua miwani akaiacha ining'inie. Nilitamani mtu afoke, aseme chochote.

"Umeandika nini?" aliuliza hatimaye.

"Sikwambii."

"Maharage?"

"Sikwambii, Mama. Mpaka unisomee wewe mwenyewe. Na mpaka siku hiyo, hapa mbele nasimama mimi."

Mama Mkunga alitazama upande wa sauti ile. Kisha akavuta pumzi ndefu, akaitoa.

"Nani atanipeleka?"

"Mimi. Kesho asubuhi. Nimeshaongea na bodaboda."

Darasa liliendelea kwa mifuko ya mbolea. Lilipokwisha, Mama Osmundi alichukua kitambaa kibichi kama kawaida, akaenda ubaoni. Mama Mkunga alisikia maji yakikamuliwa.

"Acha," alisema. "Usifute. Bwana Shamba, ubebe hivyo hivyo, na usiugusishe shati lako."

Niliubeba maandishi yakitazama nje, mikono imenyooka, nikapita njia yote ya mibuni hivyo. Sebuleni kwake niliuegemeza ukutani, mkabala na kiti anachokaa.